Baba Yako Alikuwa Sokoni

Hooyo, Ubah wangu,

Umetoka kwenda kuwaaga dada za baba yako, na mimi nawajua wale: hawatakuachilia kabla hujala kwa kila mmoja. Kwa hiyo nina saa mbili, pengine tatu, za nyumba tupu. Begi lako liko mlangoni. Nimelifungua mara moja tu, nikatia pakiti ya majani ya chai, nikalifunga. Habari za maji ya njiani, nambari ya dereva na nani wa kumpigia ukifika Banissa tumezisema mpaka nikaona unaitikia bila kusikiliza. Sitazirudia.

Utashangaa kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Hapa nyumbani tunasema Kisomali, mimi nakuita hooyo, mama, nawe unaniita hivyo hivyo, na kwa Kisomali nitakuombea dua kesho asubuhi. Lakini nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, na nimegundua kuna mambo ambayo kwa lugha ya mama yangu ulimi unayakataa. Kwa lugha ya ubao na chaki naweza kuyaweka mbele yangu nikayatazama. Nivumilie.

Unakwenda kufanya kazi ya kuomba. Barua ya akina mama wa Banissa imeipa jina zuri, ofisa wa kutafuta rasilimali, lakini wewe na mimi tunajua ni nini. Wana chumba, wana vyombo vya maziwa vilivyosukwa na bibi zao, wana nyimbo, na hawana pesa. Wanataka mtu wa kwenda kugonga milango wakati ambao kila aliye nyuma ya mlango analalamika. Wiki mbili nimekupinga. Nilikuambia unaacha ofisi ya kaunti yenye mshahara, hata kama unachelewa, uende kuombea nyimbo. Nilisema watu hawana unga, nani atachangia mashairi? Baba yako ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kutoka kwenye redio yake: "Wewe ulichangiwa."

Sikulala vizuri baada ya neno hilo. Ukweli ni kwamba hofu yangu haikuwa Banissa wala mshahara. Niliogopa kwamba kazi hii itakufanya ufanane nami, mimi wa mwaka ule. Tangu mwaka ule hujanitajia jambo lile hata siku moja, na mimi sijawahi kukuomba msamaha. Nimekuwa nikipita kando yake kama mtu anayepita kando ya kaburi, haraka, huku nikitazama upande mwingine. Leo nasimama.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nimeacha kufundisha ili kusimamia Nyumba ya Buraanbur, vile vyumba viwili vya kupanga nyuma ya barabara kuu hapa Garissa. Watu wa nje wakiniuliza buraanbur ni nini, huwaambia ni mashairi ya wanawake wetu, yanayosemwa kwa makofi na ngoma, mmoja akitunga na wengine wakimpokea, harusini, msibani, na hata wakati wa kumsuta mtu. Ayeeyo Dahabo ndiye aliyekuwa nguzo yetu. Si bibi yako wa damu, lakini hujawahi kumwita vinginevyo. Alikuja kutoka Tarbaj na sanduku la kanda za kaseti alizorekodi mwenyewe, sauti za wanawake ambao wengi walikuwa wameshafariki. Kila alasiri akina mama walikusanyika pale, wakisuka mikeka ya aqal, ile nyumba yetu ya kuhama nayo, wakifundisha wasichana mashairi. Ulikuwa ukitoka shuleni unakuja kukaa mapajani mwa huyu na yule.

Kodi, kinasa sauti, chai, vyote vililipwa na shirika moja la ng'ambo. Kisha ikaja barua. Ilikuwa barua ya adabu. Ilisema kwamba kwa sababu ya ukame na hali ya uchumi, fedha zao zote sasa zitakwenda kwenye chakula na maji. Niliisoma nikiwa nimesimama, na sikuweza hata kukasirika. Mifugo ilikuwa inakufa Wajir. Baba yako, ambaye kazi yake ni udalali wa mbuzi, alikuwa anarudi kutoka sokoni na viatu vyenye vumbi na mifuko mitupu, kwa sababu mbuzi wamekonda na wanunuzi wa Nairobi hawaji. Mimi ni nani nisimame niseme kwamba nyimbo nazo zipewe fungu?

Hapo ndipo nilipokosea kwanza, hooyo, kabla hata ya kosa lenyewe. Nilikubali moyoni mwangu kwamba tunachofanya ni kitu cha watu walioshiba. Ukishakubali hivyo, huwezi tena kukiombea kwa jina lake. Utakivalisha nguo za kitu kingine.

Sikuwaambia akina mama. Miezi minne niliwaficha. Walinisalimu asubuhi, wakaniuliza habari za wafadhili, nami nikasema, "Wazima, wanawasalimu." Kodi niliilipa kwa vipande vya dhahabu yangu ya harusi, nikivipeleka dukani kimoja kimoja. Baba yako aliona mkono wangu uko mtupu, hakuuliza.

Kisha nikasikia kuna shirika jingine, la Nairobi, linalosaidia watoto yatima kupitia sanaa. Sisi hatukuwa na yatima. Tulikuwa na wewe.

Huenda unakumbuka gauni. Lilikuwa la binti wa jirani, limechanika begani, na nililiazima kwa kisingizio cha kulishona. Nilikuvua viatu. Nilikusimamisha kando ya ua wa miiba, jua la saa saba likikupiga usoni, nikakuambia usicheke. Uliniuliza, "Hooyo, ni mchezo wa kuigiza wa shule?" Nikasema ndiyo. Ulijitahidi sana usicheke, kwa sababu ulipenda kuigiza. Ile sura ya huzuni iliyo kwenye picha ni sura ya mtoto anayejizuia kucheka.

Chini ya picha nikaandika kwamba huyu ni yatima, kwamba baba yake alifariki akitafuta malisho, na kwamba Nyumba ya Buraanbur ndiyo familia pekee iliyomsalia. Nisikudanganye leo: nilipoyasoma tena maandishi yale, nilijisifu. Nikaona nimeandika vizuri. Machozi yalinitoka kwa uongo wangu mwenyewe.

Pesa zikaja. Mwaka ule tulinunua kinasa sauti kipya, na akina mama wakasema Sahra ni mwanamke hodari. Kila waliponisifu nilitamani wanyamaze.

Wageni walifika mwaka uliofuata, watatu, wakiongozwa na Bi Rehema, mama mpole wa makamo aliyevaa buibui kwa heshima yetu. Walikuwa wameandika mapema kwamba wangependa kumwona yule binti wa kwenye picha. Nilimwomba baba yako asirudi kabla ya alasiri, nikasema nyumba itajaa wanawake. Wewe nikakuambia kaa, salimia, ukiulizwa jibu kwa ufupi.

Bi Rehema alikushika mikono yote miwili. Alikuambia kwa Kiswahili chake cha pwani, taratibu, "Mwanangu, pole sana kwa kumpoteza baba yako."

Ulimtazama, ukanitazama mimi, ukamjibu kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe: "Hajapotea. Yuko sokoni. Nimwite?"

Nakumbuka inzi mmoja akitembea kwenye ukingo wa kikombe cha chai. Na hapo, hooyo, nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kusema kweli pale pale, ingeniuma na ingepita. Badala yake nikacheka kidogo, nikamwambia Bi Rehema kwa Kiingereza, "Mtoto bado hajakubali." Nilisema kwa Kiingereza ili usielewe. Nilisahau kwamba ulikuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza. Niliona jinsi uso wako ulivyojifunga. Nimeona mengi maishani, nimezika mama na ndugu wawili, lakini sijaona kitu kinachonirudia kama uso ule.

Kisha mlango ukafunguliwa, baba yako akaingia. Siku hiyo, baada ya miezi ya ukavu, alikuwa amepata biashara, akaona si vizuri wageni wa mkewe wale maharage. Alikuwa na kilo mbili za nyama kwenye mfuko wa karatasi.

"Karibuni, karibuni sana," akasema kwa Kiswahili chake kile unachokijua, kinachogeuza p kuwa b. "Mimi ndio baba ya Ubah. Nimeleta nyama kidogo. Sahra, bikia wageni."

Bi Rehema alifungua faili lake akatoa picha. Sidhani alitaka kumwaibisha mtu, nadhani alikuwa haamini. Baba yako aliishika, akaitazama muda mrefu. "Hii ni mtoto yangu," akasema. "Mbona hana viatu?" Kisha akaona maandishi, na kwa kuwa Kiingereza hakisomi, akamwomba Bi Rehema amsomee. Yule mama alinitazama kama anayeomba ruhusa. Sikuwa na ruhusa ya kutoa. Akasoma, akitafsiri polepole, mpaka mwisho. Baba yako alisikiliza akiwa amesimama na ile nyama mkononi.

"Sawa," akasema. "Lakini chakula kwanza. Mgeni haendi na njaa."

Akawapikia mwenyewe. Wakala. Waliondoka kabla ya alasiri, kwa heshima, na sikuona senti yao tena, na ilikuwa haki. Wewe ulikuwa umekwenda kwa jirani kurudisha lile gauni, lililokaa kwetu tangu siku ya picha, na hakuna aliyekutuma kulirudisha. Baba yako alinawa mikono, akakaa. Nilingoja anipigie kelele. Alisema jambo moja tu: "Ulinizika, na hukuniambia nijiandae."

Hajalirudia neno hilo mpaka leo. Mimi nalirudia karibu kila siku.

Siku ya tatu alikuja Ayeeyo Dahabo. Habari ilikuwa imeshaenea, Garissa haifichi kitu. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha mguu wake mbovu, akakataa chai.

"Wageni wamekwenda?" akauliza.

"Wamekwenda."

"Na pesa?"

"Nazo."

"Basi tumebaki sisi. Wale wa kwanza waliacha lini kutuma?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na dhahabu, na salamu za uongo nilizokuwa nikiwapa kila asubuhi. Alifumba macho akisikiliza kama anavyosikiliza shairi analotafuta kosa ndani yake.

"Mimi nimezaa watoto tisa," akasema, "nimehama na ngamia katika ukame mkubwa mara tatu. Ukadhani nikisikia kwamba kodi hakuna nitazimia?"

"Niliona aibu, Ayeeyo."

"Aibu ya nini? Mvua isiponyesha, mchungaji hawafichi wake zake. Anawaamsha, wanafungasha." Kisha akaniuliza swali ambalo lilinishinda. "Ulipowaandikia wale watu kwamba sisi ni mayatima na maskini, wewe mwenyewe ulitaka kuwaambia nini?"

Nilikuwa nimeandika maombi mengi sana na sikujua ningesema nini kama ningeachwa niseme.

Tulifungasha. Mwenye vyumba alitupa wiki moja, akatuongezea nyingine. Sanduku la kaseti likaja chini ya kitanda chetu, mikeka ikapangwa uani, na wewe ukawa unapita katikati ya vitu vile bila kuvigusa. Siku ya soko Dahabo akaja kunichukua. Nilimwambia siwezi kwenda kule, wanaume wote wa sokoni wanamjua mume wangu, na wote wamesikia kwamba nilimuua. Akasema, "Ndiyo maana tunakwenda."

Mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa Adeer Noor, ami wa heshima tu, mfanyabiashara wa ngozi. Kabla hatujamaliza salamu alikuwa ameinua mikono. "Mama, usiniombe mwaka huu. Ngozi hazinunuliki. Karo ya watoto imenishinda. Wallahi sina."

"Sikuja kukuomba," Dahabo akamjibu. "Kesho alasiri tunasimamisha aqal hapo ng'ambo ya zizi. Nimekuja kukualika. Mlete mama yako, kama bado anatembea."

Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, hivyo hivyo. Alimwalika hata muuza maji. Mimi nilitembea nyuma yake nimejifunika mpaka machoni. Tulipompita baba yako, aliyekuwa katikati ya mabishano ya bei, aliwaacha watu wake akaja kutusalimu. Akasema kwa sauti, ili wasikie wale waliokuwa wakitabasamu, "Mke wangu akihitaji miti ya kubeba, niiteni." Sijui kama unalijua hilo kuhusu baba yako. Nimetaka ulijue.

Kesho yake wanawake walisimamisha aqal. Walipinda miti, wakafunga kamba, wakatandaza mikeka juu yake, na kwa kila hatua kuna shairi lake, kwa sababu zamani bibi arusi alijengewa nyumba huku akiimbiwa. Mwanzo watu walikuwa wachache. Madereva wa tuktuk wakasimama, halafu wachuuzi, halafu wanaume wakaacha mbuzi. Mamake Noor alikuja akijikongoja kwa fimbo. Alikaa, akasikiliza, na katikati ya shairi akapaza sauti: "Mmeruka mstari!" Akausema. Dahabo, ambaye hajawahi kukubali kusahihishwa na mtu, akamwambia, "Rudia, tuushike." Yule bibi akaurudia, kisha akaendelea na mingine ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mwanawe alisimama nyuma ya umati na mkono kinywani. Baadaye alituambia kwamba hajawahi kumsikia mama yake akiimba, hakujua kama anaimba.

Noor alikuja tukiwa tunafungua mikeka. "Pesa sina, na sikuwadanganya," akasema. "Lakini ghala langu ni tupu, kwa sababu ngozi hakuna. Linanuka. Lina paa, lina kufuli. Kaeni mpaka biashara irudi."

Ulikuwepo siku ya kulisafisha. Tulitumia majivu, ndimu, sabuni ya unga, tukafukiza uvumba mpaka jirani akadhani kuna moto, na bado lilinuka ngozi mbichi hadi mvua zilipokuja. Wageni walikuwa wakiingia wakishika pua na kutoka wakiimba. Baada ya Noor wakaja wengine, na karibu wote walianza kwa kusema hawana. Dereva wa lori alituletea miti kutoka Tarbaj kwa kuwa anarudi bila mzigo. Mama muuza chai akawa anatupa birika moja kila Alhamisi. Mwalimu mkuu mmoja akaleta wanafunzi wake, kila mtoto na shilingi chache mkononi. Familia zikaanza kutualika harusini na kutulipa, mara pesa, mara kondoo. Nilijifunza pale kwamba mtu akikuambia sina, mara nyingi anasema kweli kuhusu mfuko wake tu, na hajaulizwa kuhusu mengine aliyo nayo. Lakini huwezi kujua ana nini mpaka akuone unachofanya. Na hawezi kukiona kama umekificha nyuma ya mtoto asiye na viatu.

Usidhani mambo yalinyooka. Kuna miezi tulifunga. Kuna mheshimiwa aliyetaka jina lake litiwe ndani ya shairi la zamani, nami nilikuwa karibu kukubali, akina mama wakakataa kwa kura. Tukakosa viti na turubai alivyoahidi, nikanung'unika wiki nzima. Nilimwandikia Bi Rehema barua ya kukiri. Aliijibu baada ya muda mrefu, kwa mistari michache: shirika lake haliwezi kutufadhili tena, lakini anashukuru nimeandika, na yeye binafsi bado anakumbuka ile nyama. Nikaandika maombi yangu ya kwanza ya kweli kwa shirika lingine. Wakakataa. Ya pili, wakakataa. Ya tatu walitupa fungu dogo la kuhamisha kaseti kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Siku ile nilicheza, nawe uliniona, ukasema nacheza kama ngamia.

Tangu wakati ule sijatuma ombi lolote kabla ya kulisoma kwa sauti, kwa Kisomali, mbele ya wale walioandikwa ndani yake. Hiyo ndiyo sheria yangu moja, na sikuitunga kwa busara, niliitunga kwa woga. Mara ya kwanza nilisoma neno walengwa. Dahabo akauliza walengwa ni nini. Nikamweleza, ni wale ambao mradi umewalenga. "Walengwe na bunduki ya nani?" akasema. "Futa." Nikafuta. Nilipofika kwenye wanawake wasiojiweza akachukua fimbo yake akainuka, nikafuta kabla hajafika mlangoni. Kilichobaki kilikuwa kifupi, lakini kila aliyekuwamo alijitambua.

Sasa tupo tena katika wakati mbaya. Wafadhili wa mbali wanafunga ofisi, madukani wanauza kwa kupima kijiko, na wewe unakwenda Banissa, ambako kuna joto na vumbi na akina mama ambao hawajui bado kama wewe ni mtu wa kuaminika. Watakupima. Watakuambia mambo madogo kwanza waone unayapeleka wapi. Kutakuwa na siku utakayokaa mbele ya karatasi, kodi imekaribia, na ujue sentensi gani hasa itawafanya watu wa Nairobi au Ulaya wafungue mkoba. Itakujia yenyewe, nzuri, imepangika. Mimi najua inavyokuja. Siku hiyo usinipigie simu uniulize ufanye nini, kwa sababu mimi niliiandika. Waite akina mama, uwaambie kodi imekaribia.

Na sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Nilikuvua viatu, Ubah. Nilikudanganya kuwa ni mchezo. Nilimuua baba yako machoni pa watu, na ulipomfufua kwa sentensi moja, nilikuita mtoto asiyekubali ukweli, mbele yako, kwa lugha niliyodhani huijui. Ulikuwa mtu pekee mle chumbani aliyesema kweli, na nilikuaibisha wewe. Naomba unisamehe. Kama huwezi sasa, nitangoja. Wala sikuandika haya ili upande gari kesho ukiwa na mzigo wa kunijibu.

Nilimpigia Dahabo asubuhi. Yuko Tarbaj kwa mwanawe, macho yamepungua, sauti bado inapasua simu. Nilimwambia unaondoka na kwamba nilikukataza. Akasema, "Ulikataza nini? Wanamtaka kule." Kisha akaniuliza kama una nguo nzito, maana huko alfajiri kuna baridi, akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake.

Kwa hiyo nenda, hooyo. Nimebadilika, nakuruhusu kwa moyo wote, na huu si ule moyo wa kusukumwa na baba yako.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni dogo. Tangu siku ya wale wageni hujawahi kuimba ndani ya nyumba hii. Kwa wenzako uliimba, harusini uliimba, niliambiwa. Kwangu hukuimba, nami sikuthubutu kukuomba. Jana alasiri, ulipokuwa chumbani unapanga nguo, nilisikia. Ulianza chinichini, halafu ukasahau kwamba nipo. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nilisimama ukutani nje ya mlango, nikalishika kwa mikono miwili lisigonge, mpaka ukamaliza ubeti wote.

Mama yako,
Sahra